Usimwambie tu mama ampe mtoto mlo kamili

Kuna sentensi moja utaikuta karibu kila kliniki ya watoto, kwa lugha yoyote ile: mpe mtoto mlo kamili. Imebandikwa ukutani, imechapwa kwenye kadi, na muuguzi huisema huku akimwita mama anayefuata. Maana yake ni njema. Kinachonikera ni mzigo wote unaobaki baada ya kusemwa. Mama aliyeisikia anatakiwa ajue mwenyewe huo mlo una nini, mtoto wa umri ule anakula kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kizito au chepesi. Kisha apate hela, muda, maji, moto wa kupikia na kauli ya wakubwa wa nyumba. Mama aliyesoma, mwenye kipato na mwenza anayemsikiliza, atayajaza hayo yote akiwa njiani kurudi nyumbani. Asiye na hayo atarudi na kadi yake vilevile, na mwezi ujao mstari wa uzito ukishuka ataulizwa kwa nini hafuati maelekezo.

Mimi hujitolea kutoa elimu ya lishe, na kazi yangu kubwa huwa ni kukaa na akina mama kwenye mabenchi wakisubiri watoto wao wapimwe. Kadiri ninavyokaa pale ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunapopima uelewa wa afya tunampima mtu mmoja tu, yule anayesikiliza. Hatumpimi anayesema. Hatuipimi karatasi aliyompa, wala kikombe alichomwambia atumie, wala hatuulizi mfukoni mwake kuna nini. Halafu mwanya wote huo ukishakusanyika, anayeubeba ni mtoto.

Na huubeba kimyakimya. Watu wakisikia utapiamlo, kinachowajia akilini ni mtoto aliyebaki mifupa na ngozi. Huyo yupo, na anahitaji matibabu ya haraka. Lakini wapo wengi zaidi ambao huwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Wana mashavu, wanacheka, wanakimbia, ila ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Huo ndio udumavu. Mwaka 2024 watoto wapatao milioni 150 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, karibu mmoja katika kila wanne duniani. Mzazi anaweza kuishi na mtoto wa namna hiyo bila wasiwasi wowote, hasa kama watoto wa majirani nao wako hivyohivyo. "Sisi ukoo wetu ni wafupi," ataniambia. Huwa sibishani naye kwa haraka, maana hilo ni hitimisho la mtu aliyeangalia vizuri kile alichonacho mbele ya macho.

Jibu ninalompa linatokana na kazi ambayo natamani ingejulikana zaidi. Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani liliratibu utafiti wa watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto ambao maisha hayakuwawekea kizuizi: wananyonya, mama havuti sigara, huduma ya afya inapatikana. Watoto hao, wa mabara tofauti na rangi tofauti, walirefuka kwa namna inayokaribiana sana. Mistari ya ukuaji iliyotangazwa mwaka 2006, inayotumika leo kwenye kadi za watoto katika nchi nyingi, imetokana na vipimo vyao. Kwa hiyo katika miaka hii ya mwanzo, jamii nzima ya watoto ikiwa fupi, tafuta kwanza sababu kwenye sahani, kwenye maji na kwenye magonjwa kabla hujasingizia damu.

Ufupi wenyewe si ugonjwa. Ni ishara kwamba mwili ulibana matumizi, na mwili ukibana matumizi haubani kwenye mifupa peke yake. Ubongo wa mtoto hufikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wake wa utu uzima kabla hajamaliza mwaka wa pili, na ndiyo maana wataalamu husisitiza siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba inapotungwa. Huko Guatemala, kati ya mwaka 1969 na 1977, watafiti waligawa vinywaji viwili katika vijiji vinne: viwili vikapata uji wenye protini na nguvu nyingi, viwili vikapata kinywaji kitamu kisicho na protini. Wakawarudia wale watoto walipokuwa watu wazima. Wanaume walioupata ule uji kabla ya miaka miwili walikuwa wakilipwa kwa saa karibu asilimia 46 zaidi. Kwa wanawake, faida ilionekana shuleni, kwa kuongeza zaidi ya darasa moja la masomo. Uji wa utotoni ulikuja kuonekana kwenye mshahara wa mtu mwenye ndevu.

Basi tuuangalie huo uji kwa karibu, maana mwezi wa saba ndipo ninapoona watoto wengi wakianza kuteleza.

Mpaka miezi sita maziwa ya mama yanatosha, hata maji ya kunywa mtoto hayahitaji. Baada ya hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo inaelekea ukingoni, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Na mahitaji yake ya nguvu yanayapita maziwa: kati ya miezi sita na minane anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, akifika miezi tisa zinakuwa 300, na akishatimiza mwaka zinafika 550. Sasa linganisha na tumbo lake. Linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo nane anajaa kwa mililita 240 hivi, kama kikombe kimoja. Ukikijaza kikombe hicho uji mwepesi unaotiririka, umempa maji yenye rangi. Ameshiba kweli, analala, na mama anaridhika kwamba amekula. Kumbe ubongo na misuli havijapata kitu.

Angalia sasa tofauti ya maelekezo. "Mpe mlo kamili" haimsaidii mama huyu hata kidogo, kwani kwa kila dalili anayoiona mtoto ameshiba. Linalomsaidia ni hili: chota uji kwa kijiko, kiinamishe; ukimwagika wote kama chai bado ni mwepesi, ukibaki umeshika kijiko unafaa. Ongeza tone la mafuta. Ponda ndani yake yai, au samaki, au nyama, au kunde laini, hata kidogo. Mlishe mara mbili au tatu kwa siku na uendelee kumnyonyesha. Haya anaweza kuyakumbuka asiyejua kusoma, na anaweza kujikagua mwenyewe jikoni bila mtu kumsimamia. Hayahitaji karatasi.

Lakini hata hapo sijamaliza, maana nimewauliza wengi kwa nini uji wao ni mwepesi na majibu hayafanani. Wapo wanaoogopa mtoto atapaliwa. Hao wanahitaji maelezo na kuonyeshwa. Wapo wanaotumia chupa yenye chuchu, na uji mzito haupiti. Hao wanahitaji kikombe na kijiko, na mtu wa kuwaambia kwa nini chupa ni hatari pasipo maji ya kutosha ya kuisafishia. Na wapo wanaoongeza maji kwa sababu unga umebaki kidogo na watoto ni watatu. Huyo wa mwisho hakukosa elimu. Anajua hesabu kuliko sisi tunaomshauri, na kumrudishia somo la uzito wa uji ni kumdhalilisha. Mkono mtupu haulambwi.

Utafiti nao unasema hivyohivyo, na ni ajabu jinsi jambo hili linavyosahaulika kila programu mpya inapozinduliwa. Majaribio ya ulishaji wa watoto yalipochambuliwa kwa pamoja mwaka 2008 katika jarida la Lancet, ilionekana kwamba pale familia zina chakula cha kutosha, elimu peke yake iliwasaidia watoto kurefuka. Pale chakula kilikuwa haba, kilichosaidia ni kutoa chakula chenyewe, pamoja na elimu au bila elimu. Kisha Zimbabwe, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, familia za vijijini zilifundishwa kulisha watoto na pia zikapewa kila siku gramu 20 za kirutubisho cha mtoto. Udumavu ukashuka kutoka takriban asilimia 35 hadi 27. Ni hatua, tena ya kushukuriwa, lakini robo nzima ya watoto bado walidumaa. Na kwenye utafiti huohuo, vyoo na sehemu za kunawia mikono vilivyojengwa kwa nia hiyohiyo havikuongeza urefu wowote. Umaskini una mizizi mingi kuliko kifurushi kimoja.

Au chukua kunyonyesha. Kila mahali mama anaambiwa anyonyeshe miezi sita bila kitu kingine, yaani wiki 26. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Hapo katikati kuna wiki 12 ambazo tumemwachia mama azitatue, na huyo ni mwenye ajira rasmi. Anayeuza vitu barabarani au anayefua nguo za watu hana hata hizo 14. Tukimkuta na maziwa ya kopo tunamuuliza kama hajui faida za maziwa ya mama. Anazijua. Na kopo likiwa ghali, atalikoroga jepesi lifike mwisho wa wiki, mtoto akonde, nasi tuandike kwenye faili kwamba mlezi ana uelewa mdogo.

Sitaki mtu anielewe kwamba elimu haina maana. Ina maana sana, ila haifanyi kazi kwa njia tunayodhani. Mchumi Paul Glewwe alichunguza takwimu za familia za Moroko za mwanzoni mwa miaka ya 1990, akitaka kujua kwa nini watoto wa akina mama waliosoma wana afya bora. Je, ni kwa sababu shule ilibadilisha mtazamo wao? Ni kwa sababu ya kipato? Alichokuta ni kwamba kilichobeba uzito ni ujuzi wa mama kuhusu afya, na ujuzi huo hakuupata darasani moja kwa moja. Shule ilimpa kusoma na kuhesabu, navyo akavitumia baadaye kuutafuta. Mimi nalisoma hilo kama habari njema. Ina maana kwamba mama aliyenyimwa shule akiwa mtoto hajafungiwa mlango. Ujuzi wenyewe unaweza kumfikia kwa njia nyingine, mradi tumpelekee ukiwa katika umbo ambalo halimlazimishi kwanza kuwa msomaji.

Na hao wasomaji wenyewe tusiwape sifa za bure. Mwaka 2016 jarida la Pediatrics lilichapisha jaribio la wazazi 2,110 nchini Marekani, walioombwa kupima dawa ya maji ya mtoto mara tisa wakiwa na vifaa na maandishi tofauti. Zaidi ya wanane kati ya kumi walikosea angalau mara moja. Mzazi mmoja kati ya watano alifikia hata kupima zaidi ya mara mbili ya kipimo. Walipotumia kikombe walikosea kwa urahisi mkubwa kuliko walipotumia bomba la sindano lisilo na sindano. Wazazi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kifaa walichoshikishwa, na makosa yakapungua.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Mama mmoja kijana alikuwa ametoka kwa muuguzi na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayeharisha, mtoto wake wa miezi kumi akiharisha. Alikuwa ameelezwa, na aliitikia kila kitu. Nikamwomba, "Mama, hebu nifanyie kama vile uko nyumbani, nione utakavyochanganya." Akachukua kikombe changu cha chai, akafanya kama anamimina pakiti nzima ndani yake.

"Walikwambia maji kiasi gani?"

"Lita moja, dada." Akanyamaza kidogo. "Ila nyumbani sina kitu cha lita."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa amesahau hata neno moja. Pakiti nzima kwenye kikombe kimoja ni chumvi nyingi mno, inaweza kumdhuru mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji. Tulitafuta chupa tupu za maji mpaka tukapata ya lita moja, akaondoka nayo. Tulipokuwa tunaiosha ndipo akaniambia kwamba alikusudia kumsimamisha mtoto kula mpaka tumbo litulie. Hapo tukazungumza tena: anyonyeshe zaidi, aendelee kumlisha kidogokidogo, na vidonge vya zinki avimalize siku zote 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma mapema. Mtoto anayeharisha mara kwa mara na kunyimwa chakula kila mara hupoteza wiki za ukuaji ambazo hakuna anayezihesabu.

Muuguzi wake hakuwa mvivu. Alikuwa na foleni mpaka mlangoni. Lakini swali la "umeelewa?" halina jibu jingine zaidi ya ndiyo. Mtu aliyeficha maisha yake yote kwamba hajui kusoma hawezi kuja kulikiri mbele ya benchi zima la wanawake wenzake. Atasema amesahau miwani. Atasema atamwonyesha mumewe. Ukimwomba akuonyeshe kwa mikono yake, na ukamweleza kwamba unataka kuona kama wewe umeeleza vizuri, aibu inahama kutoka kwake. Huchukua muda mfupi kuliko kumtibu mtoto aliyerudi akiwa mahututi.

Kuna watu wanaojua kuzungumza na akina mama hawa vizuri kuliko sisi, nao ni wauzaji. Kopo lina picha ya mtoto mnene anayecheka, maneno machache, rangi zinazovutia. Mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti matangazo ya mbadala wa maziwa ya mama, na bado nchi nyingi zinahangaika kuzitekeleza. Chile ilichukua njia iliyonivutia. Tangu mwaka 2016 chakula chenye sukari, chumvi, mafuta mabaya au nguvu kupita kiwango hubandikwa alama nyeusi yenye pembe nane mbele ya pakiti, na sheria hiyohiyo ikapiga marufuku kuvitangaza kwa watoto na kuviuza shuleni. Huhitaji kusoma jedwali la viambato. Mtoto wa chekechea anaweza kuihesabu alama. Ununuzi wa vinywaji vyenye alama hizo ulipungua kwa karibu robo katika kipindi cha mwanzo. Hakuna aliyewapeleka Wachile darasani. Maandishi ndiyo yaliyosogezwa karibu na watu.

Nimeongea sana kuhusu chakula, na ningefanya kosa nikikuacha hapo, kwa kuwa mtoto hakui kwa chakula tu. Huko Jamaika, mwaka 1986 na 1987, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza kufuatilia watoto 129 waliodumaa katika mitaa maskini ya Kingston, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa maziwa ya unga. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki kwa saa moja, kwa miaka miwili, na mhudumu wa afya wa jamii ambaye alimwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Wengine walipata vyote, na wengine hawakupata chochote. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi na walikuwa wamewafikia vijana ambao hawakuwahi kudumaa. Waliopata maziwa peke yake hawakuonyesha faida hiyo.

Waliokwenda nyumba kwa nyumba hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo ya muda mfupi, na vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana nyumbani. Walimkuta mama alipo, wakarudi tena wiki iliyofuata, wakaona kinachomshinda. Hakuna kipeperushi kinachoweza kurudi wiki ijayo.

Wewe unayefanya kazi kliniki, nina ombi ninalolitaka kwa dhati. Chukua karatasi mojawapo mnayowagawia wazazi, uisome pamoja na mama ambaye hakupita darasa la nne, kisha mwombe akufanyie yanayoelekezwa kwa vyombo alivyonavyo nyumbani kwake. Kila anapokwama, weka alama kwenye karatasi. Usiweke alama kwenye faili lake. Kisha muulize kitu gani kati ya hivyo hawezi kukipata hata akielewa, na upande wa nyuma wa karatasi hiyo andika ni wapi familia isiyo na chakula itapata msaada, siku gani, na ni nani wa kumuulizia. Kama hakuna pa kuandika hapo, mpelekee bosi wako karatasi hiyo ikiwa na nafasi tupu, umuulize aijaze.